Kufuli na Jina: Umiliki wa Kitabu katika Pwani ya Sabaki

1. Utangulizi

Mto Sabaki huingia baharini baina ya Malindi na Mambrui. Wataalamu wa isimu wameliazima jina lake wakaliita kwalo kundi zima la lugha za Kibantu: Kiswahili, lugha za Wamijikenda, Kipokomo, Kiilwana na lugha za visiwa vya Ngazija. Watu wa ukingo huo, toka Takaungu na Kilifi hadi Watamu, Gede, Malindi na Mambrui, wameishi na neno lililoandikwa kwa muda mrefu. Wengine kwa kuandika wenyewe kwa hati ya Kiarabu, wengine kwa kuandikwa na wageni waliokuja kujifunza lugha zao.

Msomaji wa leo wa pwani hiyo hukabiliwa na shaka mbili. Ya kwanza ni juu ya kitabu pepe kinachouzwa na kufuli ndani yake: je, anayekilipia huwa amenunua nini hasa? Ya pili ni juu ya chombo cha kusomea: kati ya vile vinavyouzwa madukani, kipi kinafaa kununuliwa na mtu ambaye fedha yake ni ya kuhesabu? Aghalabu maswali haya huachiwa mafundi wa mitambo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni maswali ya historia, na kwamba pwani yenyewe ina ushahidi wa karne kadhaa wa kuyajibia.

Dai kuu ni hili. Pwani ilipokea karatasi ya ng'ambo, kisha chapa ya Bombay na Kairo, kisha magazeti, mashine za kutolea nakala na kanda za sauti. Katika kila hatua mwenye kununua alibaki na uwezo wa kuazimisha, kurithisha, kuuza na kuweka wakfu kile alichokinunua. Kitabu pepe chenye kufuli ndicho cha kwanza kumwondolea msomaji uwezo huo wote kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo shaka ya msomaji haitokani na ushamba wala woga wa mambo mapya. Inatokana na mazoea ya kale juu ya maana ya kumiliki kitabu, na mazoea hayo ndiyo yaliyoifikisha fasihi ya Kiswahili katika zama hizi.

2. Kitabu cha mkono

Kabla ya chapa kuenea, kitabu kilikuwa kazi ya mkono. Karatasi, iliyoletwa na vyombo kutoka ng'ambo, ilikuwa ghali, na kunakili msahafu mzima ilikuwa kazi ya siku nyingi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na mabingwa wa kazi hiyo, na baadhi ya misahafu yao ya karne za 18 na 19, iliyotiwa nakshi za rangi, ingali imehifadhiwa. Mtu angedhani kwamba kitabu kilichopatikana kwa jasho kama hilo kingefungiwa sandukuni, kisionwe na jirani. Mambo hayakuwa hivyo.

Miswada ya pwani hubeba maandishi yasiyo ya mtunzi wake. Mwishoni mwandishi aliyenakili hutaja jina lake, tarehe aliyomaliza, na mara nyingine mtu aliyemwandikia. Mwanzoni au pambizoni hutajwa mwenye kitabu. Na kitabu kikiuzwa au kikirithiwa, jina jipya huongezwa. Ukurasa wa namna hiyo ni hati ya mali. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kitabu cha mkono kilikuwa mali na daftari lake kwa pamoja.

Juu ya hayo kulikuwa na wakfu. Mwenye kitabu aliweza kuandika kwamba amekiweka wakfu kwa msikiti, kwa wanafunzi au kwa kizazi chake. Toka hapo kitabu hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi zawadi, bali manufaa yake huendelea. Maneno ya wakfu hupatikana katika miswada ya Msikiti wa Riyadha huko Lamu, ulioasisiwa na Habib Saleh bin Alawy Jamalil-Leyl, ambao wanafunzi wake walitawanyika pwani nzima. Jambo la kuzingatia ni kwamba wakfu hauwezekani bila umiliki kamili: huwezi kutoa kisichokuwa chako. Mtu aliyeazimwa kitabu hana cha kuwekea wakfu.

Haifai kudhani, hata hivyo, kwamba elimu ilikuwa shamba lisilo na ua. Palikuwa na ijaza, yaani idhini ambayo mwalimu humpa mwanafunzi ya kukisomesha kitabu fulani, baada ya mwanafunzi kukisoma mbele yake. Asiye na ijaza aliweza kuwa na kitabu nyumbani, akakisoma na kukinakili, lakini hakuhesabiwa kuwa mwalimu wa kitabu hicho. Ruhusa iliwekwa juu ya mtu, karatasi ikaachwa huru. Tofauti hii itahitajika tena hapa chini, kwa kuwa mfumo wa kufuli umeipindua: huiwekea ruhusa nakala yenyewe, na mtu, awe mwaminifu au mwizi, hatazamwi.

3. Nakala zilizookoa fasihi

Faida ya mazoea hayo huonekana wazi katika historia ya tungo kubwa. Muyaka bin Haji (1776–1840) alitunga Mombasa, na mengi ya mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyaandika. Kazi hiyo ikamfikia mmisionari W. E. Taylor, ambaye katika zama hizohizo alikuwa akikusanya msamiati na masimulizi ya Wagiriama, na kitabu chake juu ya lugha hiyo kikachapishwa London mwaka 1891. Karatasi za Taylor zikaishia katika chuo cha SOAS. William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka mjini Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchunguzi wake juu ya mshairi huyo mwaka 1979. Kati ya kifo cha Muyaka na kuchapishwa kwa diwani palipita miaka 100 kamili, na katika muda wote huo hapakuwa na kampuni, wala taasisi, wala serikali iliyokuwa na dhamana ya kuyatunza mashairi yale. Yaliokoka kwa sababu watu binafsi waliruhusiwa kuyashika, kuyaandika na kuyapitisha kwa wengine.

Utendi wa Tambuka, uliotungwa mwaka 1728, una safari inayofanana na hiyo. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuhamia Rabai mwaka 1846, mahali ambapo leo pamo katika Kaunti ya Kilifi, alipata miswada ya tenzi na kuipeleka Ujerumani, ikawekwa katika maktaba ya Chama cha Wataalamu wa Mashariki mjini Halle. Mwanzoni mwa karne ya 20 Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikuwa akiwanakilia wataalamu wa Ulaya kwa ujira, miongoni mwao Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Sehemu kubwa ya kinachosomwa leo katika vyuo vikuu kama fasihi ya kale ya Kiswahili ilipita katika mkono wa mnakili mmoja au mwingine wa aina hiyo.

Njia hiyo ilikuwa na gharama yake. Nakala zilizokwenda Halle na London zilikuwa salama dhidi ya mchwa na hewa ya chumvi, lakini zilikuwa mbali na wenye lugha. Mwanafunzi wa Malindi aliyetaka kuuona mkono wa Mwalimu Sikujua ilimpasa apate nauli ya kwenda Uingereza. Juhudi za J. W. T. Allen za kukusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambazo orodha yake ilichapishwa mwaka 1970, zilikuwa jibu mojawapo kwa tatizo hilo. Kwa hiyo historia ya pwani inafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba nakala nyingi huokoa kazi, na kwamba nakala iliyo mbali, hata ikiwa imetunzwa vyema, bado si nakala ya mtu aliye pwani.

4. Chapa

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vitabu vya chapa kutoka Bombay na Kairo vilianza kuingia pwani kwa wingi, na Unguja ikapata mtambo wake wa chapa wakati wa Seyyid Barghash. Bei ya msahafu ikashuka, na kazi ya wanakili ikapungua. Mazoea ya umiliki, hata hivyo, hayakubadilika: majina ya wenyewe na maneno ya wakfu yaliendelea kuandikwa, safari hii katika kurasa za mwanzo za vitabu vya chapa.

Mfano bora zaidi wa nguvu ya chapa iliyo mikononi mwa wasomaji ni gazeti. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alianzisha Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Magazeti hayo hayakudumu. Lakini makala zake za Sahifa zilikusanywa katika kitabu Uwongozi, kilichochapishwa mwaka 1944, na mwaka 2017 Kai Kresse akazitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Gazeti lililokufa likazaa kitabu, na kitabu kikaendelea kusomwa miaka mingi baada ya mwenyewe kufariki. Laiti kurasa zile zingekuwa za kufutika siku gazeti lilipofungwa, kisingebaki cha kukusanywa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi ya kuazimisha vitabu ilipata taasisi. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1948 na kuazimisha vitabu hata kwa njia ya posta. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 ilianzisha Bodi ya Huduma za Maktaba ya Taifa ya Kenya. Uhalali wa kazi hiyo ulikuwa rahisi kueleza: maktaba ilinunua kitabu, kitabu kikawa chake, ikamwazima msomaji mmoja baada ya mwingine hadi jalada lilipochakaa. Hakuna mchapishaji aliyeulizwa kama anaridhia kila uazimaji.

Ni kweli kwamba sheria za hakimiliki, ambazo Kenya ilizitungia sheria yake yenyewe mwaka 1966, zilimzuia mwenye kitabu kukichapa upya na kukiuza. Lakini zuio hilo lilikuwa katika sheria, halikuwa katika karatasi. Mwalimu aliyetoa nakala ya kurasa mbili kwa wanafunzi wake aliweza kujitetea mbele ya hakimu, na hakimu akapima nia na kiasi. Karatasi yenyewe haikutoa hukumu.

5. Kufuli linavyofanya kazi

Kitabu pepe ni faili. Faili lisilo na kufuli huweza kunakiliwa kutoka chombo hadi chombo kama barua inavyonakiliwa. Penye kufuli, maandishi hugeuzwa kuwa alama zisizosomeka, na ufunguo wa kuyarudisha huunganishwa na akaunti ya mnunuzi iliyo katika mitambo ya muuzaji. Chombo cha kusomea kikitaka kufungua kitabu, huonyesha kwamba kimeandikishwa kwa akaunti hiyo. Hivyo basi, usomaji hutegemea mambo matatu yaliyo nje ya mkono wa msomaji: muuzaji aendelee kuwepo, akaunti iendelee kuwa hai, na aina ile ya faili iendelee kutambuliwa na vyombo vipya.

Kumbukumbu za tangu mwaka 2004 zinaonyesha jinsi kila tegemeo moja kati ya hayo lilivyoweza kuvunjika. Mwaka 2004 kampuni ya Sony iliuza Japani chombo kilichoitwa Librié, cha kwanza kutumia kioo cha wino wa elektroniki. Vitabu vyake vilijifunga vyenyewe baada ya siku 60. Mwaka 2007 Amazon ikatoa Kindle kwa dola 399, yenye aina yake ya faili, na mwaka huohuo ikatangazwa EPUB, aina ya faili iliyo wazi kwa kampuni zote. Mwezi Julai 2009 Amazon iligundua kwamba baadhi ya nakala za vitabu vya George Orwell, kikiwemo 1984, ziliuzwa na mtu asiye na haki ya kuziuza, ikaziondoa kutoka vyombo vya wanunuzi na kuwarudishia fedha. Mwanafunzi mmoja wa Marekani alishtaki, kwa kuwa maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya masomo yake hayakuwa na maana tena bila kitabu. Kampuni iliomba radhi. Lakini jambo lilikuwa limedhihirika, kwamba mkono wa muuzaji unafika hadi rafuni mwa msomaji.

Yaliyofuata yalikuwa ya namna hiyohiyo. Mwaka 2014 Sony ilifunga duka lake la vitabu pepe na kuwahamishia wateja kwa Kobo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga lake. Vitabu vilivyokuwa vimenunuliwa vikaacha kusomeka, na fedha zikarudishwa. Tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia ambayo mnunuzi aliitumia kushusha vitabu alivyovinunua kwenye kompyuta yake na kuvihamisha kwa waya. Jimbo la California nalo, kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, liliwalazimisha wauzaji kumweleza mnunuzi waziwazi pale anapopewa leseni tu wala hamiliki. Sheria hiyo ni ushahidi mzito: isingetungwa kama neno "nunua" lingekuwa bado na maana yake ya zamani.

Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kwa kufuata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1996, ilifanya kuvunja kufuli la namna hiyo kuwa kosa. Hivyo msomaji wa Kilifi ambaye duka lake limefungwa ng'ambo hawezi kujitafutia fundi bila kujiingiza katika hatari ya sheria.

6. Vyombo vilipofika pwani

Haitakuwa haki kuyataja madhara ya kufuli na kuunyamazia wema wa chombo. Kioo cha wino wa elektroniki husomeka juani, na betri yake hudumu kwa majuma. Chombo kimoja hubeba vitabu vingi kuliko rafu za shule nyingi za vijijini. Kwa nchi ambayo umeme haufiki kila nyumba, na ambayo vitabu vya karatasi huliwa na mchwa, huo si wema mdogo.

Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilishirikiana na Huduma za Maktaba ya Taifa ya Kenya, kwanza kwa majaribio katika maktaba 8 za magharibi ya nchi, kisha katika miaka ya 2015 na 2016 kwa kupeleka vyombo vya kusomea katika maktaba 61 za umma nchini. Vyombo vilikuwa vya Kindle, vikiwa vimekwisha kujazwa vitabu vya waandishi wa Afrika na wa kwingineko. Msomaji aliyeingia maktaba alikuta vitabu ambavyo maktaba isingeweza kuvinunua kwa karatasi. Hata hivyo chombo kilichoharibika hakikuwa kama kitabu kilichochanika, ambacho huweza kushonwa na fundi wa mtaani. Na vitabu vilivyokuwa ndani yake vilifuata akaunti, havikufuata rafu.

Hali ya vyuo vikuu inakaribiana na hiyo. Pwani mwa Kenya, Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi kilianza mwaka 2007 kama chuo kishiriki na kupata hadhi kamili mwaka 2013, wakati ambapo maktaba za vyuo vya Kenya zilikuwa tayari zimeungana, tangu mwaka 2003, ili kulipia kwa pamoja majarida na vitabu pepe. Mpango huo umewafungulia wanafunzi hazina kubwa. Lakini kilicholipiwa kwa kawaida ni haki ya kusoma kwa muda. Ada isipolipwa, mlango hufungwa. Rafu ya karatasi ya mwaka 1980 hubaki hata katika mwaka wa ukata, ila rafu ya leseni hufuata bajeti.

Wengi wa wasomaji wa pwani, hata hivyo, hawakununua chombo maalumu. Wanasoma kwa simu. Humo faili la kitabu hutumwa kutoka mtu hadi mtu, mara nyingi bila idhini ya mwandishi, na wanafunzi wa sekondari huzipata riwaya na tamthilia za mtihani kwa njia hiyo. Kwa namna fulani huko ni kunakili kwa kale kulikorudi. Kwa namna nyingine si sawasawa: mnakili wa Siyu alitumia siku nyingi kwa nakala moja, wala hakumpokonya mtunzi aliye hai riziki yake.

7. Haki ya mtunzi

Hapa ndipo hoja ya watetezi wa kufuli inapostahili kusikilizwa kwa makini. Mwandishi wa riwaya ya Kiswahili huandikia soko dogo. Akiuza nakala elfu moja na nyingine elfu kumi zikapita bure, mchapishaji hatamchapa tena. Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa Kigiriama, Kichonyi au Kipokomo, lugha ambazo wachapishaji wake ni wa kuhesabika. Kusema kwamba desturi ya pwani ni kugawana kitabu hakumpi mwandishi wa leo chakula.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haithibitishi kwamba kufuli ndilo dawa. Faili moja likishafunguliwa na mtu mmoja mjuzi huweza kuenea kote. Hivyo anayebaki amefungwa ni yule aliyelipa. Kufuli limewazuia pia watu wasiokusudiwa. Mwaka 2009 Kindle ilipopewa uwezo wa kusoma kwa sauti, chama cha waandishi wa Marekani kililalamika, na Amazon ikawaruhusu wachapishaji kuuzima uwezo huo kwa kila kitabu watakacho. Asiyeona, ambaye sauti hiyo kwake ndiyo macho, ndiye aliyeathirika kwanza. Ilibidi mataifa yaandike Mkataba wa Marrakesh mwaka 2013 ili wasioona wapate nakala wanazoweza kuzisoma, nayo Kenya ikajiunga na mkataba huo mwaka 2017.

Ipo njia nyingine, na kwa watu wa pwani si ngeni. Mwaka 2012 kampuni ya Tor ya Marekani iliacha kuweka kufuli katika vitabu vyake pepe. Mwaka huohuo vitabu vya J. K. Rowling vilianza kuuzwa kama mafaili ambayo ndani yake mna alama ya kumtambulisha mnunuzi. Mwenye faili hilo hulisoma katika chombo akipendacho. Lakini akilimwaga sokoni, alama yake hulifuata. Huo ni utaratibu wa ukurasa wa kwanza wa mswada: jina la mwenyewe limeandikwa, na kitabu kiko wazi. Jina humkumbusha mtu wajibu wake na kumfichua anapouvunja, nalo halimzuii kumwazima nduguye, kumrithisha mwanawe wala kukitoa wakfu. Kama ilivyokuwa katika ijaza, dhamana hurudi kwa mtu.

8. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanatosha kuzijibu shaka mbili zilizotajwa mwanzoni. Anayelipia kitabu pepe chenye kufuli hupata ruhusa ya kukisoma kwa masharti ya mwingine. Ruhusa hiyo inaweza kuwa na thamani kwa kitabu cha kusomwa mara moja, hasa bei ikiwa ndogo. Haifai kwa kamusi, kwa diwani, kwa kitabu cha dini wala kwa kitabu chochote ambacho mtu anatarajia kukiachia kizazi chake. Nguo ya kuazima huvaliwa siku ya harusi, hairithishwi.

Kuhusu chombo, swali la kwanza la kuuliza si ukubwa wa kioo wala jina la kampuni. Ni kama chombo hukubali mafaili yasiyo na kufuli yaliyotiwa na mwenyewe kwa waya, na kama husoma aina ya faili iliyo wazi, hasa EPUB. Kobo na PocketBook husoma EPUB moja kwa moja. Kindle hupokea mafaili ya mwenyewe, na tangu mwaka 2022 hupokea EPUB yanayotumwa kwa huduma ya kampuni, ambayo huyageuza kwanza. Mwenye kusudio la kusoma picha za miswada ya hati ya Kiarabu atahitaji kioo kikubwa zaidi, kwa kuwa ukurasa uliopigwa picha haujipangi upya katika kioo kidogo. Na mwenye simu njema, asiye na fedha ya ziada, hana sababu ya kuona haya: faili lililo huru katika simu ni mali zaidi kuliko maktaba nzima iliyofungwa katika chombo cha bei kubwa.

Liko onyo moja la mwisho. Uhuru wa faili peke yake hautoshi ikiwa faili lenyewe liko mahali pamoja. Miswada ya Riyadha ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini, na picha hizo ziliwekwa wazi bila malipo, jambo ambalo lilipunguza ule umbali wa zamani baina ya pwani na London. Mwezi Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa kwa njia ya mitandao, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi mingi. Miswada yenyewe ilikuwa Lamu, rafuni pake, ikisomeka kwa mwanga wa dirisha. Hakuna aliyekosea kwa kuipiga picha. Kinachofaa ni kuwa na nakala za pili na za tatu katika maktaba za pwani yenyewe, Kilifi, Malindi na Mombasa, ambako mashairi ya kale yaliokoka kwa sababu hayakuwekwa katika mkono mmoja.